Neno "iliyoidhinishwa" na wale waliokuwa wameshahama: kisa cha OGL, Januari 2023

Kisa chote hiki kimekaa juu ya neno moja, "iliyoidhinishwa". Liko kwenye kifungu cha 9 cha leseni inayoitwa OGL 1.0a (Open Game License), leseni ya mwaka 2000 inayowaruhusu wengine kutumia sheria za gemu ya Dungeons & Dragons (D&D), na kwa zaidi ya miaka 20 watu tulilipita hilo neno tunaenda zetu, hadi Januari 2023 kampuni iliyotoa leseni, Wizards of the Coast, ikalishika na kutaka kusema toleo hili la zamani halijaidhinishwa tena. Yaani kwa neno moja tu maelfu ya vitabu vya gemu za RPG za mezani (mnakaa pamoja, kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu zinaamua), vya wadogo kwa wakubwa, vikawa havijulikani vimesimama juu ya nini.

Nataka nikichambue polepole maana kila nikisikia kinasimuliwa, kinasimuliwa kama ugomvi wa kampuni na mashabiki, mashabiki wakashinda, basi. Mi naona hiyo ni nusu. Nusu inayonigusa zaidi ni kwamba harakati za ubunifu wa hizi gemu hazikuumia sawa. Kuna waliokosa usingizi mwezi mzima na kuna ambao hawakutikisika hata kidogo, na tofauti yao haikuwa pesa wala ukubwa, ilikuwa ni namna walivyoandika sheria zao tangu siku ya kwanza.

Leseni ilikotoka

Kwa ufupi, Dungeons & Dragons ilitoka 1974, ya Gary Gygax na Dave Arneson, chini ya kampuni ya TSR. Wizards of the Coast wakainunua TSR 1997, kampuni ya midoli ya Hasbro wakawanunua Wizards 1999, na mwaka 2000 likatoka toleo la tatu la D&D likiwa na kitu ambacho hakuna aliyekizoea, leseni ya wazi. Aliyeisukuma ni Ryan Dancey wa Wizards, na hoja yake ilikuwa ya kibiashara kabisa. Gemu ya mezani huwezi kucheza peke yako, thamani yake ni watu wangapi wanaijua, kwa hiyo ukiwaruhusu wengine waandike adventure (visa vya kuchezwa) na majini na miji kwa kutumia sheria zako, kila wanachouza wao kinamrudisha mchezaji kwenye kitabu chako kikuu. Kampuni ikatoa na hati inaitwa SRD (System Reference Document), ambayo ni sheria tupu, hamna picha, hamna hadithi, hamna majina ya dunia zao, unachukua unatumia.

Leseni ilisema haki unazopewa ni za kudumu, za dunia nzima, bila mrabaha. Haikusema hazibatilishiki. Hapo ndo pa kuweka alama. Mwaka 2000 watu wengi walisoma "za kudumu" wakaelewa "milele", na kampuni yenyewe kwenye maswali na majibu yake ya miaka ile iliandika kwamba hata wakitoa toleo jipya usilolipenda unaweza kuendelea na la zamani. Sasa mtu ameambiwa hivyo na mwenye mali, kwa maandishi, utamlaumu vipi kwa kuamini?

Halafu ikatokea ambacho nadhani hata waliotunga leseni hawakukiwazia. Mwaka 2006 Matt Finch na Stuart Marshall wakatoa OSRIC. Tatizo lao lilikuwa hili: toleo la kwanza la Advanced D&D, lile la mwishoni mwa miaka ya 70, lilikuwa halichapishwi tena, na mtu akitaka kuandika adventure ya mtindo ule na kuiuza hakuwa na njia iliyo wazi. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi mbinu wala mfumo, inalinda maneno uliyouelezea huo mfumo, na hilo si jambo la jana, lipo tangu kesi ya Baker v. Selden ya 1879 iliyohusu kitabu cha kutunza mahesabu. Kwa hiyo namba na utaratibu wa gemu ya zamani viko huru. Maneno ndo shida, majina ya majini, majina ya uchawi, istilahi zote zile. Na maneno hayo mengi yalikuwa tayari yako wazi kwenye SRD ya toleo la tatu! Wakachukua maneno ya gemu mpya, wakayapanga upya na namba zikae kama za gemu ya zamani, wakabandika OGL nyuma, ikawa gemu halali. Mi mpaka leo nikiiwaza ile mbinu naona ni moja ya kazi za akili kubwa kabisa kwenye historia ya hobi hii, na imefanyika bila kubuni hata sheria moja mpya ya kucheza.

Ndani ya muda huohuo zikaja nyingine. Basic Fantasy ya Chris Gonnerman, Labyrinth Lord ya Daniel Proctor 2007, Swords & Wizardry ya Finch mwenyewe 2008. Hapo ndo harakati tunayoiita OSR, ya kurudisha uchezaji wa mtindo wa zamani, ikapata miguu. Na siyo kwamba walikuwa wanalilia utoto wao, huo ni usemi wa watu wasioicheza. Walikuwa wanasema kitu kuhusu ubunifu: sheria ziwe chache na maamuzi ya msimamizi wa mchezo yawe mengi, mchezaji atoke kwa akili yake na siyo kwa kusoma karatasi ya mhusika, kifo kiwe karibu ili tahadhari iwe na maana, na dunia isijipinde kumfuata mchezaji.

Ila angalia walivyoshikana. OGL inakutaka unakili kwenye kifungu cha 15 tangazo la hakimiliki la kila kazi uliyochukua kitu kwake, kwa hiyo ukifungua ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha OSR unakuta kama nasaba, huyu kamzaa huyu, huyu naye kachukua kwa yule, mpaka unafika juu kabisa unakuta Wizards of the Coast. Ukoo mzima umening'inia kwenye kucha moja.

Onyo la kwanza lilishatoka. 2008 toleo la nne la D&D lilikuja na leseni nyingine yenye masharti makali, inaitwa GSL, wengi wakaikataa, kampuni ya Paizo wakabaki na OGL na 2009 wakatoa gemu yao, Pathfinder. Lile la zamani halikuguswa kwa hiyo watu wakaendelea na maisha. Toleo la tano likatoka 2014, SRD yake ikaja Januari 2016 chini ya OGL ileile, na kila mtu akapumua, aah kumbe wamerudi.

Mwezi wenyewe

Desemba 2022 rais wa Wizards aliwaambia wawekezaji kwamba chapa ya D&D bado haiingizi pesa inavyoweza. Mwezi huohuo kampuni ikatangaza kuna OGL mpya inakuja, na wataohusika na mrabaha ni wale wanaopata zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka. Wengi wakasema sawa hao ni wachache. Tarehe 5 Januari 2023 mwandishi Linda Codega wa Gizmodo akaandika alichokisoma kwenye rasimu iliyovuja, OGL 1.1, na hapo ndo moto ukawaka.

Ukizidi dola 50,000 unaripoti mapato yako kwao. Ukivuka 750,000, kila kinachozidi hapo unatoa asilimia 25, na kama umechangisha kupitia tovuti ya Kickstarter ni 20. Hiyo ni asilimia ya mapato jamani, siyo ya faida, na kwenye uchapishaji wa vitabu vya gemu ukishalipa printa, wachoraji na usafirishaji, kubakiwa na asilimia 25 ni ndoto ya wengi. Wanaweza kubadili masharti kwa notisi ya siku 30. Leseni ya zamani inatangazwa haijaidhinishwa tena. Na wewe unaichapisha kazi yako, ni yako, ila unawapa Wizards haki ya kuitumia kwa lengo lolote, haki ambayo rasimu iliieleza kuwa ni ya kudumu na isiyobatilishika.

Rudia hilo la mwisho. Kwenye haki walizojipa wao hawakuishia kwenye "ya kudumu", waliongeza na "isiyobatilishika". Kwa hiyo walijua vizuri sana kwamba hayo ni maneno mawili tofauti. Kwangu mimi hapo ndo moyo wa kisa, maana ule mkanganyiko ambao watu waliishi nao miaka 20 kwa imani, mwenye leseni alikuwa anaujua na sasa ameugeuza kuwa nyenzo.

Yaliyofuata yalienda mbio. Watu wakaanza kufuta usajili wao wa kulipia kwenye D&D Beyond, huduma ya mtandaoni ya gemu hiyo ambayo Hasbro walikuwa wameinunua 2022 kwa dola milioni 146.3, na nadhani hilo ndo lililouma kuliko barua zote, kwa sababu ni namba inayoonekana ofisini asubuhi kwa asubuhi. Dancey akajitokeza hadharani akasema kwa maoni yake kampuni haina mamlaka ya kuliondolea toleo idhini. Tarehe 12 Paizo wakatangaza leseni mpya, ORC, ya wazi, ya kudumu na (safari hii wameandika) isiyobatilishika, na wakili wa kuiandika ni Brian Lewis, yuleyule aliyekuwa Wizards na aliyeunda muundo wa kisheria wa OGL. Tarehe 13 Wizards wakatoa taarifa ya kurudi nyuma kidogo, wakaeleza nia yao ilikuwa kuzuia maudhui ya chuki na mambo ya NFT (hati za kidijitali za blockchain) na kampuni kubwa zisijinufaishe. Tarehe 19 wakaleta rasimu nyingine, 1.2, pamoja na fomu ya maoni. Majibu yakapita 15,000, asilimia 88 ya waliojibu wakasema hawataki kuchapisha chini yake, asilimia 89 hawajaridhika na kuondolewa idhini ya 1.0a. Tarehe 27 kampuni ikasalimu amri: OGL 1.0a inabaki kama ilivyo, na SRD 5.1 yote inawekwa chini ya Creative Commons, leseni za wazi ambazo si za kampuni yoyote ya gemu, kwa ile ya CC BY 4.0 (unatumia ukitaja chanzo), ambayo yenyewe imeandikwa wazi haibatilishiki.

Nani alitikisika

Sasa tuje kwenye nusu niliyosema.

Upande mmoja kuna OSR ya kizazi cha kwanza, zile gemu zilizojengwa kwa maneno ya SRD. Hawa ndo waliolala macho wazi. Mtu ana gemu ya bure kabisa, hauzi, hana hata karibu ya hizo dola 50,000, lakini kama 1.0a ikianguka hajui kama bado anaruhusiwa kuigawa bure. Mrabaha haukuwa habari yake, habari yake ni kiwanja. Alijenga nyumba nzuri kwa mikono yake miwili kwenye kiwanja cha mtu kwa ahadi na karatasi yenye neno moja lililopinda.

Upande mwingine kuna watu wa Apocalypse World. Gemu ya Vincent na Meguey Baker, 2010, na kutoka kwake zimezaliwa gemu nyingi sana zinazoitwa Powered by the Apocalypse. Unajua leseni yao ilikuwa nini? Hamna. Msimamo wao ni kwamba ukivutiwa na gemu yao ukatengeneza yako, andika kwa maneno yako, ni yako, huhitaji ruhusa. Haukuwa na hati ya kunakili wala kifungu cha mtu kukiamkia vibaya. Kwa hiyo Januari ile hao watu walikuwa wanawahurumia wenzao tu, wao hawakuwa na cha kunyang'anywa. Gemu ya Blades in the Dark ya John Harper ikaenda njia nyingine, hati yake ya sheria iko Creative Commons tangu mwanzo. Gemu ya Fate Core ya 2013 ya kampuni ya Evil Hat ilitoa kote kuwili, OGL na Creative Commons, ukachague mwenyewe.

Na hata ndani ya OSR yenyewe kulikuwa na vijana walioshatoka. Into the Odd ya Chris McDowall, 2014, haikuhitaji SRD kwa sababu ilivunja sheria za zamani ikabakiza roho yake, dadu la kupiga ili kugusa adui likaondolewa kabisa, unapiga dadu la majeraha moja kwa moja. Knave ya Ben Milton 2018 na Cairn ya Yochai Gal 2020 ziko Creative Commons. Hizi zinasomana na adventure za zamani vizuri tu, unachukua kijitabu cha miaka ya 80 unakiendesha na Cairn jioni hiyohiyo, ila hazikubeba maneno ya mtu. Kumbe lile lililokuwa likibishaniwa kama suala la ladha, kwamba gemu ya mtindo wa zamani ifanane neno kwa neno na ya zamani au ichukue tabia yake tu, lilikuwa pia suala la ulinzi. Sidhani McDowall alikaa akawaza sheria alipoondoa lile dadu. Alikuwa anatafuta gemu iende haraka. Lakini matokeo yake ni kwamba uamuzi wa kibunifu ulimkinga kuliko ambavyo wakili angemkinga.

Hoja ya "hamkuhitaji leseni"

Kuna waliosema wakati ule, na taasisi ya EFF ya Marekani inayotetea haki za kidijitali iliandika uchambuzi mzuri juu ya hili, kwamba kwa kuwa mfumo wa gemu haulindwi na hakimiliki basi OGL ilikuwa inakupa kitu ambacho kwa sehemu kubwa ulikuwa nacho tayari, na papo hapo inakunyima ulivyokuwa navyo. Mfano hai ni kifungu cha 7, kinakukataza kusema kazi yako inaendana na alama ya biashara ya mtu bila ruhusa yake, wakati nje ya leseni kusema ukweli kwamba adventure yako inaendana na gemu fulani kwa kawaida unaweza.

Kisheria naikubali hoja hii. Kimaisha naikubali nusu. Mtu anayeandika usiku baada ya kazi, anauza PDF kwa dola chache, hatendi kwa kufuata atakachoshinda mahakamani, anatenda kwa kufuata kama atafikishwa mahakamani au la, kwa sababu akifikishwa tu ameshapoteza hata kama yuko sahihi. OGL iliuza utulivu. Ulikuwa unajua mpaka uko wapi, hata kama mpaka umewekwa ndani ya shamba lako. Na iliuza kitu cha pili ambacho hao wachambuzi hawakukipa uzito, kukopeshana. Nachukua jini wa kitabu chako kama alivyo, neno kwa neno na takwimu zake, namweka kwangu, naandika jina lako kifungu cha 15, na wewe kesho unachukua kwangu. Hiyo haiji kwa kuwa mfumo hauna hakimiliki, inakuja kwa kuwa watu walikubaliana kugawana maneno. OSR ilikua kwa kasi ile kwa sababu ya hilo, na ndo maana naumia nikisikia mtu anawaita wajinga wale waliotumia OGL. Hawakuwa wajinga. Walikuwa majirani.

Kilichopatikana na kisichopatikana

Watu walisherehekea tarehe 27 na walikuwa na haki. Ila soma vizuri kilichotolewa: ni SRD 5.1, ya toleo la tano. SRD ya 3.5, ile ambayo OSRIC na ndugu zake walichota maneno, haikuwa kwenye zawadi ya siku ile. Kwa hiyo gemu za OSR za kizazi cha kwanza ziliachwa zimesimama palepale, juu ya 1.0a, leseni ambayo mwenyewe ameahidi hataigusa baada ya kutaka kuigusa. Maneno mengi yamo kwenye hati zote mbili, hilo linasaidia, lakini si yote, na kuhamisha gemu nzima kutoka hati moja kwenda nyingine ni kazi ya mstari kwa mstari.

Na kuna walioifanya. Hapa mi huwa nasimama kwa heshima. Gonnerman na jamii ya Basic Fantasy, gemu ambayo PDF yake ni ya bure na kitabu chake kinauzwa kwa bei ya kuchapisha tu, waliipitia yote, wakatoa kilichotoka SRD, wakaandika upya, na 2023 hiyohiyo toleo la nne likatoka chini ya CC BY-SA 4.0. Hamna OGL. Watu wa kujitolea, hamna mshahara, wanabishana kuhusu jina la jini moja lilitoka kwenye ngano za kale au lilitungwa na TSR, kwa sababu kama ni la ngano ni la kila mtu na kama lilitungwa linatoka. Paizo nao wakaipitia Pathfinder yote, vitabu vya kwanza vya marekebisho vikatoka Novemba 2023, na ukivilinganisha na vya zamani unaona makovu: ule mfumo wa wema na uovu wa mhusika umeondolewa, shule nane za uchawi zimeondolewa, majoka ya rangi na madini hayapo, uchawi maarufu wa mishale isiyokosa umepewa jina jipya. Mengine kusema kweli yakawa bora kuliko mwanzo, maana ukilazimishwa kujiuliza kwa nini kitu kipo unakuta mara nyingi kipo kwa sababu kilikuwepo. Kampuni ya Kobold Press wakaenda na gemu yao, Tales of the Valiant. ORC yenyewe ikakamilika Juni 2023.

Mimi nina kijitabu kimoja, cha shimo chini ya mnara ulioanguka, nilikuwa nimekibandika OGL mwishoni bila kufikiri kwa sababu kila mtu alikuwa anabandika. Wiki ile ya pili ya Januari nilikifungua nikaanza kuweka alama, hiki cha kwangu, hiki cha ngano, hiki cha kwao. Nilitegemea karibu chote kitakuwa cha kwao. Popo, mizuka, mifupa inayotembea, zimwi la darajani, vyote ni vya binadamu wote tangu zamani za kale. Takwimu zao nilikuwa nimezinakili, hizo nikazipiga upya kwa gemu yenye namba tatu tu. Kilichobaki ni yule dubu mwenye kichwa cha bundi, ambaye ni wao kweli waliomtunga, Gygax alimtoa kwenye mdoli wa plastiki. Baada ya tarehe 27 ningeweza kumbakiza maana yumo kwenye 5.1. Nilimtoa hata hivyo. Kwenye chumba chake sasa anakaa kiumbe kipofu anayekusanya sauti, ukiongea ndani ya kile chumba neno lako la mwisho linabaki kwake na huwezi kulisema tena hadi utoke shimoni, na wachezaji wangu walipofika pale mara ya kwanza walikaa kimya dakika nzima wakionyeshana kwa vidole nani aongee.